Mzingo wa Kumbatio

Katika nchi ile, asubuhi ilikuwa mahali. Mtu aliyeitaka alipanda mlima hadi kwenye mgongo wa juu kabisa, akaikuta pale imetulia juu ya misonobari, ina baridi, inanukia utomvu. Aliyeichoka aliteremka bondeni kwenye jioni, ambako watu walipika, wakagombana, wakapatana. Kati ya bonde na mgongo kulikuwa na msitu, na ndani ya msitu huo saa hazikufuatana. Ungeweza kupita katikati ya adhuhuri ya utotoni mwako, ukatokea upande wa pili kwenye alasiri ambayo hujaiishi bado, ukaitazama mikono yako ukaiona ina mikunjo, ukatembea kidogo, ikarudi kuwa laini. Wenyeji hawakushangaa. Walisema tu, leo nimepita penye uzee, pana baridi pale, chukua shuka.

Tusekile alikuwa akipanda kwenda asubuhi. Alikuwa msichana mrefu, na mikono yake ilikuwa mirefu kuliko ulivyostahili urefu wake. Akisimama wima, vidole vyake vilikaribia magoti. Shuleni walimcheka. Kisha Jumba la Vipimo likamsimamisha ukutani, likamwambia anyooshe mikono, likaweka alama kwenye ncha za vidole vyake, na wazee wa Jumba wakatazamana wakatabasamu. Tangu siku hiyo hakuchekwa tena. Akawa mpimaji.

Sheria ya Jumba ilikuwa fupi, na kila mtoto aliijua kabla hajajua jina la mtaa wake. Mti upimwe kwa kumbatio. Uliofika pima tano, usimame. Usiofika, uende kwenye milango. Pima moja ilikuwa urefu wa mikono miwili iliyofunguliwa, kutoka ncha ya kidole kirefu hadi ncha ya kidole kirefu. Na milango ilikuwa ya Jumba lenyewe. Kila mara Jumba liliongeza mlango mbele ya mlango, mpya ukiwa mkubwa kuliko wa zamani, na hakuna aliyejua nyuma ya milango yote hiyo kulikuwa na nini, kwa sababu hakuna aliyewahi kumaliza kuifungua.

Wapimaji walitembea wawili wawili. Mmoja alikumbatia na kunyamaza. Aliweka kifua kwenye shina, akanyoosha mikono, akachora chaki pale kidole kilipoishia, akasogea, akaanzia kwenye chaki, hadi amalize mzingo. Mwingine alihesabu, kisha akageukia bondeni na kuita idadi kwa sauti yake yote. Idadi ikishaitwa ilikuwa ya mti ule daima. Huko chini wakata miti walikaa na mashoka magotini, wakisikiliza.

Aliyemwitia Tusekile aliitwa Lwitiko. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kifua kipana na sauti ambayo ilikuwa kubwa kumzidi mwenyewe.

“Dada Tusekile, punguza mwendo. Wewe una miguu ya twiga, mimi nimepewa ya bata.”

“Si wewe uliyesema unataka kufika asubuhi mapema?”

“Nilisema nifike. Sikusema nifike maiti.”

Tusekile alicheka, akamngoja, lakini kicheko kilikauka haraka. Lwitiko aliliona hilo. Alimjua mwenzake, walikuwa wamepima pamoja tangu chaki ilipokuwa ngeni mkononi mwake.

“Unauwaza mti wa mama.”

“Nawaza nini kingine, kaka?”

Mti waliokuwa wakiuendea ulikuwa msonobari mmoja wa kale, uliosimama peke yake juu ya mgongo, na misonobari yote ya mgongoni ilikuwa chini ya ulinzi wake. Zamani mpimaji aliyeitwa Tupokigwe aliukumbatia, ukaitwa tano, ukabaki. Tupokigwe alikuwa mama yake Tusekile. Alikwisha kufa. Sasa Jumba lilikuwa limeishiwa na mbao za mlango wake mpya, na wazee wa Jumba walisema kwamba pale juu hakujawahi kuwa na mti wa pima tano. Walisema mwanamke mmoja mwenye moyo laini aliudanganya msitu. Wakamtuma binti yake, mwenye mikono ambayo hakuna awezaye kuitilia shaka, akaupime upya. Mti usipofika tano, utaangushwa pamoja na mgongo mzima, na jina la Tupokigwe litakwanguliwa kwenye ukuta wa wapimaji.

Na katika nchi ile, jina lililokwanguliwa ukutani lilikwanguka na vinywani. Watu walikuwa wakianza kulitamka, wakasahau walitaka kusema nini, wakaomba chumvi.

Hilo ndilo lililomkausha Tusekile kicheko. Uso wa mama yake ulikuwa umeshamtoka. Ulimponyoka humuhumu msituni, siku alipopita mahali penye ukungu akiwa anaufikiria, na alipotokea upande wa pili akakuta anafikiria kitu kisicho na macho. Alirudi akatafuta. Alipekua majani, akainua mawe, kama mtu aliyeangusha hereni. Hakuuona. Lililombakia ni jina. Alilisema kimyakimya akipanda, silabi moja kwa kila pumzi, naye aliogopa kwamba kazi aliyokwenda kuifanya kwa mikono yake mwenyewe ndiyo ingeunyang'anya ulimi wake hata hilo.

*

Kupimwa ni nini? Hilo ndilo swali lililomfuata Tusekile tangu alipoanza kazi, likikanyaga nyayo zake, likisimama akisimama. Mti unakua bila kuuliza. Unakua gizani, unakua mvuani, unakua wakati sisi tumelala na wakati tunazikana. Haujui kama ni mkubwa. Kisha anakuja mtu, anaukumbatia, anasema: wewe ni nne. Na tangu hapo mti ambao haukuwa na ukubwa wowote, uliokuwa mti tu, unakuwa mti uliopungukiwa na moja. Ni nani aliyempa mtu yule moja hiyo aitembeze mfukoni, awapunguzie viumbe?

Na mimi. Walinisimamisha ukutani. Waliponyoosha mikono yangu, walikuwa wananipima au walikuwa wananiunda?

Nilikuwa mrefu kabla ya ukuta. Nilikuwa nani kabla ya ukuta.

Mama alinibeba. Hilo nalijua. Mtu hujuaje kitu ambacho hakikumbuki? Mgongo wangu unajua. Hapa, chini ya mabega, pana sehemu ambayo bado inangoja viganja viwili.

*

Walifika asubuhi. Ilikuwa palepale ilipokuwa siku zote, nyeupe, imejaa ndege. Katikati yake ulisimama msonobari.

Kuna miti ambayo mtu huitazama, na kuna miti ambayo mtu hujikuta amevua kofia. Magome yake yalikuwa mapande makubwa ya rangi ya udongo wa chungu, na katikati ya pande na pande kulikuwa na mifereji ambamo ngumi ingeingia. Matawi ya chini yalikwisha kuanguka zamani, yakaacha mafundo kama magoti ya wazee. Chini, sindano zake zilizokauka zilikuwa zimelala tabaka juu ya tabaka, hata nyayo zao hazikutoa sauti, wakawa kama watu waliokuja bila kuja. Upepo ulipita juu, na mti ukafanya ile sauti ya misonobari, ambayo si kilio wala wimbo. Ni kama mtu anayemtuliza mwingine aliyekaribia kulala.

“Mh,” alisema Lwitiko. Kwa mtu wa maneno mengi kama yeye, hiyo ilikuwa hotuba.

Tusekile hakutaka kuchelewesha. Alitoa chaki. Aliweka kifua kwenye shina kama alivyofundishwa Jumbani, shavu mbali na gome, viwiko vigumu, mikono imenyooka kabisa. Akachora. Moja. Akasogea, akaanzia kwenye chaki. Mbili. Upande wa kaskazini, ambako ukoga wa kijani ulikuwa mzito kama zulia, chaki haikukamata, akakwangua kidogo kwa ukucha, akachora. Tatu. Alikuwa anaomba, hajui anamwomba nani. Nne. Na pale nne ilipoishia, aliiona chaki ya kwanza ikimngoja. Imebaki shubiri moja.

Alipima tena. Nne na shubiri.

Lwitiko alikuwa amesimama pembeni, kofia mkononi. Hakufanya mzaha. “Pole, dada,” alisema. Kisha akageukia bondeni, akavuta pumzi.

“Ngoja.”

“Tusekile.”

“Ngoja, kaka Lwitiko. Nakuomba.”

“Ningoje nini? Umepima mara mbili. Nimeona kwa macho yangu. Unataka niupulize mti unenepe?”

“Mama yangu hakuwa mwongo.”

“Sijasema ni mwongo. Nasema ni nne na shubiri.” Alishusha sauti. “Wajua wanavyowafanya waitaji wanaoita idadi isiyo yake. Wanawatoa sauti wanaifunga kwenye bawaba. Unadhani ile milango inalia bure? Yule anayelia kwenye mlango wa tatu nilisoma naye. Na mke wangu anakaribia kujifungua. Mtoto atanijua kwa nini, kwa kupunga mkono?”

Tusekile alirudi upande wa kaskazini kwa sababu hakutaka Lwitiko amwone machozi, akaegemeza paji la uso kwenye ukoga, mahali alipokuwa amekwangua. Na pale, mbele ya jicho lake, karibu mno hata asiione vizuri, kulikuwa na alama.

Alirudi nyuma hatua moja. Akakwangua zaidi. Ulikuwa mkato wa kisu, wa zamani sana, umepona na kuvimba kama kovu la chanjo. Mkato uliopinda kama mwezi mchanga.

Aliujua mwezi ule. Kwao, shughuli ikiwapo, arusi au msiba, kila nyumba huazimisha vyombo vyake, na ili kila chombo kijue njia ya kurudi, kila mwanamke hukitia alama yake. Wengine hufunga uzi, wengine huchoma tone. Mwiko wa mama yake ulikuwa na mwezi mchanga kwenye mpini. Tusekile alikuwa ameusonga ugali kwa mwiko huo maisha yake yote, na kidole gumba chake kililijua pindo lile kama ulimi unavyoyajua meno.

“Lwitiko! Njoo! Njoo huku!”

Wapimaji wa zamani hawakuwa na chaki. Walikata. Wawili hao wakaanza kuvua ukoga kwa mikono, kwa vijiti, kwa kofia ya Lwitiko, wakizunguka shina kutoka mwezi hadi mwezi. Wa pili ulikuwa ndani ya mfereji. Wa tatu ulikuwa umefunikwa na utomvu ulioganda, wa njano, unaong'aa, mwezi ndani ya taa. Wa nne. Lwitiko ndiye aliyeuona wa tano, akapiga kelele kama mtu aliyeumwa na nyuki.

“Mitano! Hesabu mwenyewe. Mitano, mama yangu!”

“Si nakwambia?”

“Unaniambia nini, mbona wewe umepata nne? Mti umesinyaa?”

Tusekile aliitazama ile miezi. Ilikuwa imenyooka kuliko ule wa kwenye mwiko, imevutwa huku na huku. Akaelewa. Mtu akikata alama kwenye gome la mti unaokua, alama inakua pamoja na mti. Shina linanenepa, kovu linatanuka, na nafasi kati ya kovu na kovu inatanuka nalo. Mti haukuwa umesinyaa. Ulikuwa umenenepa miaka yote hiyo, na kila ulivyonenepa uliyavuta makumbatio ya mama yake, ukayaongeza, nayo hayakuacha kuwa matano.

Alisimama kati ya mwezi na mwezi. Akaweka kidole kwenye mmoja, akanyoosha mkono wa pili, ukavuka mwezi wa upande ule ukapitiliza. Mikono yake ilikuwa mirefu mno. Ili vidole vyake vikae kwenye alama zote mbili ilimbidi akunje viwiko. Na viwiko vilipokunjika, kifua kikakaribia. Na kifua kilipokaribia, shavu halikuwa na pa kwenda, likalala kwenye gome.

*

Hivi.

Alikuwa mdogo hivi. Hata baada ya mti kumkuza, bado ni mdogo kuliko mimi.

Sioni uso. Uso haujarudi, sidhani utarudi, na sasa siutafuti. Kilichorudi ni ukubwa wake. Ninajua mahali mama yangu alipoanzia na mahali alipoishia. Nimesimama katikati. Hiki ndicho chumba nilimozaliwa, hiki hapa, kuanzia kidole hadi kidole.

Nina miaka mingapi? Magome yananong'ona kwamba sina. Niko mgongoni mwake naye anakata kwa kisu, ananiambia usirukeruke wewe mtoto, mama anahesabu. Niko mbele ya mti naye yuko ndani. Nimekuwa mzee, mikono yangu imefupika, ninaingia sawasawa kwenye alama zake bila kukunja kitu. Yote haya ni asubuhi hiihii.

Pima moja. Tangu lini pima moja ikawa mimi? Walimweka nani ukutani kabla yangu, na kabla ya huyo? Wenye mikono mirefu, kisha mirefu zaidi, kisha mirefu kuliko hiyo, na kila mara idadi ya mti ikapungua. Hawakulazimika kumfundisha mtu kudanganya. Walichagua tu. Walinichagua mimi, nikajiona nimependwa.

*

“Dada.” Lwitiko alimgusa bega. “Dada, umekaa humo muda. Toka nikuone.”

Tusekile alitoka. Uso wake upande mmoja ulikuwa na chapa ya gome. Alimweleza, na maneno yalimtoka ovyo, lakini Lwitiko hakuwa mtu wa kuhitaji yapangwe.

“Sheria inasema kwa kumbatio,” alisema Tusekile. “Haisemi mikono inyooke. Kunyoosha walitufundisha wao. Wewe umewahi kumwona mtu anamkumbatia mwenzake mikono imenyooka vile?”

“Mwizi,” alisema Lwitiko. “Akisukumwa ukutani na mgambo.”

Walicheka wote wawili, kicheko kifupi chenye woga. Kisha Lwitiko akageuzageuza kofia yake iliyojaa ukoga.

“Na mimi walinisimamisha pale ukutani,” alisema. “Hujui hilo. Nilitaka kuwa mpimaji. Waliweka alama kwenye vidole vyangu, wakapima, wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Wakaniambia, wewe una mdomo, kaite.” Alivuta kamasi. “Miti yote hii nimeiita. Sijawahi kuugusa hata mmoja.”

Tusekile alimpisha.

“Nifanye nini?”

“Nenda tu.”

Lwitiko alivaa kofia, akaivua, akaiweka chini. Aliukaribia msonobari kama mtu anayekwenda kumposa binti wa watu. Alifungua mikono yake mifupi, akaiweka kwenye shina, akasimama hivyo, mgumu, shingo imekwenda upande.

“Uso nauweka wapi?”

“Popote utakapolala.”

Shavu lake lilishuka. Mabega yakashuka. Mikono yake, ambayo Jumba lilikuwa limeicheka, ilitambaa juu ya magome, na kidole chake kirefu kikagusa mwezi huku, na kingine kikagusa mwezi kule, bila kuzidi, bila kupungua, viwiko vikiwa vimekunjika kidogo tu. Tusekile aliona mgongo wake ukitetemeka. Juu yao upepo ulipita, na mti ukaendelea kutuliza.

Alizunguka hivyo mwezi hadi mwezi. Alipomaliza aliufuta uso kwa kofia, ukoga ukamganda kwenye nyusi.

“Nikiita, watakuja kukuuliza mikono yako imefanyaje,” alisema. “Watasema imefupika. Watakufukuza kazi.”

“Waseme.”

“Na mimi watanitoa sauti.”

“Sijui, kaka Lwitiko. Labda. Siwezi kukwambia uite. Mtoto ni wako.”

Lwitiko alitazama bondeni. Huko chini, mbali, jioni ilikuwa imetanda juu ya mapaa, na moshi ulikuwa ukipanda, na wakata miti walikuwa kimya, wanasikiliza. Alivuta pumzi ndefu kuliko alizowahi kuvuta.

“Huyo mtoto,” alisema, “nitambeba kwa mikono hiihii.”

Akaita.

“TANO!”

Idadi ilishuka mlimani, ikapita kwenye adhuhuri ya zamani, ikapita penye uzee, ikapita kwenye alasiri ambazo hakuna aliyeziishi bado, na kila ilipopita ndege waliruka. Wawili hao walisimama wakingoja. Kwa kawaida jibu la maneno halikuwapo. Idadi ya chini ilijibiwa na mashoka. Idadi ya juu ilijibiwa na kimya. Lakini safari hii, baada ya muda, sauti nzito ya mkata miti mmoja ilipanda kutoka bondeni, imechoka, haina ubaya.

“Jumba limetuambia ni nne! Tano za nani?”

Katika nchi ile hakuna aliyekuwa amewahi kuuliza hivyo. Idadi haikuwa ya mtu. Lwitiko alimtazama Tusekile, na Tusekile, ingawa mpimaji hapaswi kutoa sauti, alikwenda hadi kwenye ukingo wa mgongo, akaweka viganja mdomoni.

“Za Tupokigwe! Za mama yangu!”

Jina lilishuka. Lilikwenda zima, halikukwanguka popote.

“Alikuwa na mikono mirefu?” iliuliza sauti ya chini.

“Mifupi!” Alikuwa akilia na kucheka. “Mifupi, ndugu yangu! Mifupi tu!”

Ukungu uliachana kidogo, na Tusekile aliweza kuwaona, wadogo kama punje, wamekaa kwenye mstari wao mwishoni mwa msitu. Mmoja alikuwa amesimama. Alikuwa amefungua mikono yake, anaitazama, huu kisha huu.

“Kama ya mama yangu, basi,” alisema. Hakupaza sauti sana, lakini asubuhi ilikuwa nyepesi na kila neno lilifika. Kisha akapaza: “Sasa huu wa huku walisema ni tatu, nimeshauanza, shoka limo ndani! Niufanyeje?”

“Usilichomoe!” alipiga kelele Lwitiko. “Utavuja! Liache hivyohivyo, tunakuja!”

Na Tusekile alikuwa ameshaanza kushuka, anakimbia, chaki imemponyoka nyuma kwenye sindano za msonobari, naye hakugeuka kuiokota.